Kiti cha Nyuma cha Bi Mkubwa

Jumatatu, 7 Aprili 1952

Nimefuta kiti cha nyuma mara tatu tangu alfajiri. Tambara la tatu limelowa kama la kwanza. Mvua haikuingia, vioo nilivifunga mwenyewe. Paa halivuji, nimelipaka lami. Kiti kinalowa chenyewe. Kinatoka jasho kama mtu mwenye homa.

Mie Kondo nimeendesha lori Bama vitani. Wajapani walikuwa wananipigia saluti kwa risasi. Nimeona tembo akivuta mzinga. Nimeona Mhindi akilalia misumari. Motokaa inayojikojolea sijaona.

Motokaa hii naiita Bi Mkubwa. Mke wangu Zena aliposikia jina hilo alisema basi yeye ni bi mdogo, na bi mdogo hapiki siku za zamu ya mwenzake. Nilishinda na njaa siku mbili. Jina limebaki. Temeke nzima teksi ni hii tu. Zile mbili nyingine wanazozisema watu ni mikokoteni yenye honi.

Ndani Bi Mkubwa amechoka, sikatai. Mkono wa kioo cha kushoto humtoka abiria, akabaki ameushika kama zawadi. Kitambaa cha dari hushuka polepole, ukifika mjini umevaa chandarua. Hayo watu hucheka yakaisha. Lakini kiti cha nyuma nilikifanya upya mwezi wa pili, kwa ajili ya Mwanahawa.

Mwanahawa ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana meno manne. Ijumaa tarehe 2 Mei anapelekwa kwa mumewe Kinondoni. Mama yake alipelekwa kwa mume kwa miguu, masika kama haya, tope magotini. Wakwe wakamwita Bi Matope. Wakamwita hivyo mpaka anakufa. Nilisimama kaburini nikaapa: binti yako atakwenda kwa motokaa, na atashuka mkavu.

Nimebakiwa na siku ishirini na tano.

Aliyejaza kiti ni Maganga, fundi makochi wa Keko. Mnyamwezi. Makumbi ya nazi nilimpelekea mwenyewe, makumbi ya Mtoni yaliyolala kwenye tope la bahari mpaka yakalainika. Nilikoyatoa ni siri yangu. Niliyasuuza kwa mikono yangu hii hadi tope lote likaisha. Mtu wa Tabora anajua nini kuhusu nazi? Kazi yake ilikuwa kupanga springi na kushona. Hata hiyo kashindwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Kila Alhamisi nampeleka Bi Shirini msikitini kwao mjini. Mjane wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, mama wa watu, mwaka wa pili sasa hapandi gari nyingine. Leo kavaa nguo nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho.

Tumefika. Kashuka. Nyuma ya nguo yake pana doa jekundu, kubwa kama sahani. Kutu. Wanawake wenzake wamesimama barazani. Kila mtu kaliona kabla yake.

Hakupiga kelele. Angenitukana ningeshukuru. Aliweka kikapu chake nyuma, akaenda kinyumenyume hadi mlangoni kama kaa. Kabla ya kuingia akasema, "Bwana Kondo, leo gari yako imenivunjia heshima."

Nikaegesha pembeni nikachana turubai la kiti kwa kisu. Springi zote nyekundu. Wiki nane tu! Makumbi yameloa kama mwani. Nimeyakamua, maji yametiririka hadi kwenye kiwiko.

Doa lile nimeliona tena na tena kutwa nzima. Kila nikiliona, silioni kwa Bi Shirini. Naliona kwa Mwanahawa. Nguo ya bi harusi, doa jekundu, mbele ya wakwe, kabla hata hajavuka kizingiti. Bi Matope lingekuwa jina la heshima.

Maganga atalipa. Wallahi atalipa.

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya swala nimekwenda Keko na kiti mgongoni mwa Bi Mkubwa.

Maganga alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda chake, kwenye kile kiti chake kikubwa cha mninga chenye mikono na ngozi, kama liwali. Kaniona tu, kaanza.

"Karibu mtani! Umekuja kuzika au kuzikwa?"

"Nimekuja kukuzika wewe."

"Basi lete sanda kavu. Naona vitu vyako vyote vimelowa."

Maseremala wote wakaacha randa. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ni ngoma ya bure. Babu zao walikuja pwani na mizigo, babu zetu wakawapokea, tangu hapo tunatukanana bila kukasirika. Ndiyo desturi. Mie kwenye desturi hiyo ni bingwa, nimewahi kumliza mtani msibani kwa kicheko. Lakini leo sikutaka kucheka.

Nikamtupia kiti miguuni. Nikamwambia kazi yake ni ya ovyo, amenitia aibu, ana siku tatu.

Kainama. Kachomeka kidole kwenye makumbi, kakitia mdomoni, katema mate. Kisha kanitazama.

"Kilambe," kasema.

"Nini?"

"Kiti chako. Kilambe, mtani. Si mnapenda vya kulamba nyie?"

Keko nzima imeanguka. Mmoja kacheka mpaka kakumbatia nguzo. Maganga mwenyewe hakucheka sana, na hilo ndilo lililoniuma. Kaninyooshea kidole kile kile chenye mate. "Kilambe kwanza, tutaongea."

Mie! Kulamba kiti! Mtu aliyekula chakula kimoja na maofisa!

Nimepakia kiti nikaondoka. Honi niliipiga mpaka Chang'ombe.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Sikufanya kazi. Nimekaa kwenye motokaa, nikamfikiria Maganga akiwa amevaa kiti changu shingoni, katikati ya soko.

Nimejisikia vizuri kidogo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeanza kulipiza. Nataka niandike yote, nije nisome uzeeni.

Nimekifunga kile kiti juu ya paa la Bi Mkubwa kwa kamba, tumbo wazi, makumbi yananing'inia kama matumbo ya ng'ombe. Nimepita Keko mwendo wa jeneza. Honi. Kichwa dirishani. "Kochi la Maganga! Unakaa mkavu, unainuka unachuruzika! Kochi la Maganga! Mwenye mtoto mdogo asinunue nepi!"

Nimepita kwenda. Nimepita kurudi. Nimepita tena.

Mara ya tatu Mwalimu Yohana alikuwepo. Ni mtu wa bara, Mkristo, mpole, mwenye mwavuli hata jua likiwaka. Alikuwa amemwagiza Maganga viti sita vya sebuleni, na leo kaja kuchagua kitambaa. Katazama paa langu. Katazama kitambaa mkononi. Kakikunja, kakiweka juu ya meza taratibu, kaaga kwa adabu, kaondoka zake.

Nimeiona sura ya Maganga. Nimeila kama halua.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kumshitaki kwa jumbe wetu. Nilivaa koti la jeshi.

Jumbe kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza, "Kabila gani huyo?" Nikasema Mnyamwezi. Kafunga daftari.

"Kondo, wewe ni mtu mzima. Unamleta mtani wako kwangu? Kesho utamleta mkeo kwa kuwa kakuvuta kidevu? Sina kesi hapa. Kama kakuudhi, nenda kachukue kitu chake, akukimbilie akikomboe. Ndivyo walivyofanya wazee."

Wote barazani wakacheka. Nimetoka nimefura.

Kufika kwenye motokaa hasira ikageuka furaha. Nenda kachukue kitu chake. Jumbe mwenyewe kasema.

Kipo kitu kimoja tu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekichukua.

Mchana kweupe, mie na Zubeti mpakaji rangi, jirani yangu mwenye mabega. Maganga alikuwa amesimama anapima mbao. Tumekinyanyua kiti chake cha mninga, kile cha liwali, huku napiga kelele, "Utani! Utani! Njoo ukomboe!"

Kwanza kacheka. Kila mtu kacheka. Tulipokipandisha kwenye mkokoteni, akaacha kucheka. Kaja mpaka barabarani, kashika mkono wa kiti.

"Mtani, chukua kingine. Hicho singa zake alizikusanya mama Kabula."

Mama Kabula ni mkewe, marehemu mwaka wa tatu huu. Nilimjua. Miaka miwili alipita machinjioni kila Jumamosi akiomba mikia ya ng'ombe, akazifua singa zake, akazianika, akazichambua moja moja, akamjazia mumewe kiti. Keko walikuwa wanamcheka. Ukikikalia kile kiti unajua kwa nini hakujali. Kavu, laini, kinakuinua kama mkono wa mtu.

Ningemwachia. Siku nyingine ningemwachia, najijua. Hata Bama nilimpa mateka wa Kijapani biskuti zangu. Lakini nikakiona kidole chake kile chenye mate. Kilambe.

"Ungezifua na zangu," nikamjibu.

Kauachia mkono wa kiti.

Jumapili, 20 Aprili

Kiti hakiingii mlangoni mwa motokaa. Kirefu mno.

Nimeazima msumeno. Nimekata miguu yote minne.

Mninga mgumu, jasho limenitoka. Zena kasimama mlangoni na upawa. Sasa kimeingia. Kimekaa nyuma kama kilizaliwa mle. Nimekikalia mwenyewe nikajitazama kwenye kioo. Gavana hana.

Miguu minne imebaki uani. Kuku wanaizunguka.

Jumanne, 22 Aprili

Jua siku ya tatu. Kazi imerudi. Leo nimechukua karani wa bandari, mzee wa Chanika na mbuzi wake, na wanawake wawili wa arusi. Kila mmoja ananisifu. Karani kasema kajisikia mfalme. Mbuzi naye katulia. Kila sifa naifikisha Keko: nateremsha kioo, napiga honi, nampungia Maganga. Kakaa juu ya debe. Hainui kichwa.

Nilitaka raha hii idumu. Haikufika jioni.

Nimemwita Mwanahawa aje ajaribu kiti chake cha arusi. Kaja, kavipitisha vidole kwenye ngozi. Kauliza cha nani. Nikamwambia, kwa majigambo yote, na sauti ya Maganga nikaigiza.

Mtoto kanitazama kama dada yangu alivyokuwa akinitazama.

"Shikamoo mjomba," kasema, ingawa asubuhi alishaniamkia. "Mie nitakwenda kwa miguu."

"Kwa miguu? Masika haya?"

"Kama mama. Tope linatoka kwa maji. Kiti cha marehemu wa watu, kimekatwa miguu, sikikalii. Nitaanza vipi nyumba juu ya hicho?"

Nimefoka. Nimesema nilimwapia mama yake. Kasema mama hakuomba niibe. Zena kamshika mkono wakaingia ndani, mlango ukafungwa, nikabaki mie na Bi Mkubwa.

Yote haya ni Maganga. Angeshona vizuri tangu mwanzo tusingefika hapa. Namchukia mpaka kucha.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijui nianzeje.

Mama mkwe wangu amekuja leo kutoka Mtoni kwa maandalizi ya arusi. Ni msuka kamba. Makumbi ndiyo maisha yake: anayafukia kwenye tope la mkondo, miezi, anayafukua, anayaponda, anasuka. Mkono wake mgumu kuliko mchi. Tangu mwezi wa pili ana kilio kimoja: kuna mwizi kafukua shimo lake. Kila akija analaani. Amesema ataenda kusomesha halbadiri, mwizi huyo avimbe tumbo. Mie hukohoa, hutoka nje kidogo.

Sasa niandike, kitabu hiki hakina mdomo. Ni mie. Nilikuwa nahitaji makumbi, shimo lilikuwa pale, nikasema mali ya mkwe ni kama ya mtu mwenyewe. Ningemwambia baadaye. Baadaye haikufika.

Kile kiti cha zamani nilikuwa nimekitupa chini ya upenu. Mama kapita, kasimama. Siku tano za jua kali, kila kitu uani kimekauka, hata tope limepasuka. Kiti kinameta maji.

Kavuta uzi mmoja wa makumbi. Kautia mdomoni.

"Zena," kaita, bila kunitazama, maana mkwe hatazamwi. "Mwambie mumeo, makumbi ya baharini hayakauki mpaka yaoshwe kwa maji ya kisima. Mara tatu. Usipoitoa chumvi, kila unyevu wa mbinguni yanauvuta. Na chumvi inakula chuma. Mtoto mdogo wa Mtoni anajua. Muulize aliyaosha na nini."

Zena kaniuliza kwa macho.

Niliyaosha. Niliyasuuza hadi tope likaisha lote, sikusema uongo. Niliyasuuza pale pale. Kwenye mkondo. Kwa maji ya bahari.

"Na umwambie," mama kamalizia, "mwizi wangu nimemsamehe halbadiri. Lakini atanifukia makumbi mapya, na shimo atachimba mwenyewe."

Ijumaa, 25 Aprili

Nimengoja wote waende kisimani. Nimepiga magoti chini ya upenu, nikalamba kiti.

Chumvi. Bahari nzima.

Kilambe kwanza, tutaongea.

Jumamosi, 26 Aprili

Wiki mbili natafuta wa kumlipiza. Leo asubuhi nimejinyoa, nikamwona kwenye kioo.

Nimekwenda Keko kwa miguu. Sikustahili motokaa. Maseremala wameniona, wakaacha randa. Maganga juu ya debe. Kibandani hamna kazi, ila fremu sita za viti vya Mwalimu, tupu, zimepangwa ukutani kama mbavu.

"Mtani," nikasema, "nimelamba."

"Ikawaje?"

"Chumvi."

"Nilikwambia."

"Nilidhani unanitania."

"Nilikuwa nakutania. Na chumvi ilikuwemo." Kaendelea kuchonga kigingi. "Ningekwambia kwa uso wa hakimu, mbele za watu, kwamba wewe mtu wa pwani hujui kuosha makumbi, ungesikia?"

Nisingesikia. Ningempiga.

Nikamuuliza kwa nini hakuyaonja siku nilipomletea. Kasema, "Uliniambia umeyaosha. Mtu wa pwani akiniambia kaosha kitu cha pwani, mie wa Tabora nibishe kwa elimu gani?"

Hapo nilitamani anitukane. Wala hakuwa amemaliza.

"Sasa nirudishie kiti."

Nimewahi kumwambia mama wa watu kwamba mwanawe hatarudi kutoka Bama. Hii ilikuwa nzito karibu na ile. Nikamwambia kuhusu miguu.

Kigingi kimemponyoka. Hakukiokota. Watu wakaanza tena kupiga randa taratibu, wasisikike kuwa wanasikiliza.

"Minne yote?"

"Yote."

Kainuka, kaingia ndani, kafunga mlango wa kibanda. Mchana.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikungoja anipe adhabu. Nimejipa.

Nimekifunga tena kile kiti cha makumbi juu ya paa. Keko. Mwendo wa jeneza. Kwenda, kurudi, na mara ya tatu, kama ile siku. "Makumbi yangu! Chumvi yangu! Maganga hana kosa! Mjinga ni Kondo wa Temeke, aliyeosha makumbi kwa bahari!"

Wamecheka mara mbili ya mwanzo. Mmoja kanipa jina: Bwana Chumvi. Litadumu, nawajua. Acha lidumu.

Kisha nimekwenda kwa Mwalimu Yohana. Nimemweleza yote, na makumbi nilikoyaiba. Kanisikiliza amesimama na mwavuli wake. Kasema, "Bwana Kondo, wanafunzi wangu wakikosa hivi huwachapa. Lakini wewe umeshajichapa mpaka Keko nzima imesikia." Kasema atakwenda kukichukua kitambaa chake alipokiacha.

Kazi ya Maganga imerudi. Miguu haijarudi. Wala Mwanahawa hajabadili neno. Siku nne. Makumbi mapya hayawezi kuoshwa na kukauka kwa siku nne, mvua imeanza tena. Nimetafuta sufi, hamna. Nimefikiria majani makavu. Majani yote yamelowa.

Atakwenda kwa miguu. Nimeanza kuzoea.

Jumatano, 30 Aprili

Asubuhi Maganga kaja Temeke. Kabeba kikapu cha vifaa na springi zake za akiba, alizozikwangua kutu akazipaka rangi. Hakunisalimu kwa utani. Kasema, "Kitoe."

Nikakitoa kiti chake kutoka kwenye Bi Mkubwa, kifupi, kimekaa uani kama mtu aliyekatwa magoti. Nikaikusanya na ile miguu, nikaipanga mbele yake. Kaitazama. Kachukua kisu, kaichana ngozi.

"Mtani, unafanya nini?" nikauliza.

"Mninga nitaupata. Miguu nitaunga." Kaanza kutoa singa, mafungu mafungu, nyeusi, kavu, bado zina harufu ya sabuni. "Lakini huyu binti anaolewa keshokutwa."

Nikasema hapana. Nikasema hizo ni za mama Kabula. Kanikata.

"Mama Kabula hakuzichambua nizikalie peke yangu nikijikuna tumbo. Alikuwa anapenda arusi kuliko chakula. Shika hapa."

Nikashika. Kutwa nzima nimeshika turubai la kiti cha Bi Mkubwa, nimevuta, nimekaza. Mwanahawa katoka ndani, kasimama, kisha kaketi chini karibu naye akaanza kuchambua singa. Walikuwa wanaongea polepole. Sikusogea kusikiliza.

Alhamisi, 1 Mei

Bi Shirini kaniita mwenyewe. Kafungua mlango, katandika gazeti kwenye kiti, kakaa. Alipofika msikitini kaliinua gazeti kaliangalia mbele na nyuma kama noti bandia. Kavu.

"Alhamisi ijayo," kasema. Gazeti kaondoka nalo.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua tangu asubuhi. Mwanahawa kapanda Bi Mkubwa mwenyewe, kakaa nyuma.

Hatukufika hata Chang'ombe. Mtu katikati ya barabara, kajitanda kanga, kabeba debe kichwani: Maganga. Ndiyo haki ya mtani, kuzuia arusi. Kalala mbele ya magurudumu. "Haipiti! Bi harusi huyu amelipa chumvi ya watu?" Wanawake wamepiga vigelegele. Ilibidi nishuke mbele ya msafara wote, mie na kanzu yangu nyeupe, nipige goti topeni niseme, "Mtani, nimelamba." Ndipo akainuka.

Kinondoni. Wakwe wamejipanga na miavuli hadi mlangoni. Nilizunguka kumfungulia. Sikutazama uso wake. Nilitazama nyuma ya nguo yake.

Nyeupe.

Kavuka kizingiti. Nimesimama mvuani. Dada, nimefika.

Jumapili, 4 Mei

Nimeanza kuchimba shimo la mama mkwe. Mikono imechubuka. Kaniletea uji mwenyewe, kauweka mbali kidogo, kageuka upande.

Jioni Maganga kapita. Hakutaka kwenda popote. Kafungua mlango wa nyuma wa Bi Mkubwa, kaingia, kakaa. Kaweka kiganja juu ya kiti, kakiacha pale.

Nilikaa mbele. Sikuwasha injini, sikugeuka. Mvua ilikuwa nyembamba. Nikachukua tambara nikafuta kioo cha mbele, upande wa ndani. Kilikuwa kikavu tayari. Nikakifuta tu.